Benchi Nililowatengenezea Wakwe

Leo benchi limenivua nguo mbele ya wakwe, mchana kweupe. Nimejilaza kitandani na magharibi bado haijaadhiniwa. Nimechoka, jamani. Nawasimulia kwa sababu mtaa wetu mzima wa Bofu ushajua, mmebaki nyinyi tu.

Leo baada ya alasiri wazee kutoka Jomvu Kuu walikuwa waje kumposa Saumu, mdogo wake mke wangu. Nyumba ya wakwe iko mtaa wa pili kutoka kwangu. Viti vya barazani havitoshi, basi juzi mama mkwe, Bi Mwanakombo, akatuma niambiwe nitengeneze benchi. Mimi! Yule mama tangu nimuoe binti yake hajaniomba hata kiberiti. Tunaamkiana kwa mbali, macho chini, kila mtu na njia yake, ndiyo adabu yenyewe. Sasa kaniamini na makalio ya wageni wake. Nililiona kama cheo.

Mimi si fundi. (Mke wangu anasema niliandike hilo kwa herufi kubwa.) Nauza makava ya simu. Lakini nina mashine ya kuchomelea, ya MIG, ile inayosukuma waya yenyewe, wewe kazi yako kubonyeza. Niliinunua ya mtumba, nikatazama video mbili tatu, nikaanza kujibu watu wakiniita fundi.

Na nikajitia ujanja. Huku kwetu hewa ina chumvi, chuma ukikiacha uchi kinaota kutu hata hujakigusa. Basi nikakata vyuma vyangu, na kabla sijachomelea chochote nikavipaka vyote rangi nyekundu ya kuzuia kutu. Mara mbili! Vikakauka, vinang'aa. Nikajipongeza kimoyomoyo.

Leo asubuhi nikauma chuma kwa kibanio cha mashine, nikaiwasha. Ta! Ta! Ta! Waya unarukaruka, cheche zinatoka kwa kununa. Nikatazama mshono: umekaa juu ya chuma kama dawa ya meno, ndani haukuingia hata kidogo. Nikaugonga kwa nyundo, ukaanguka mzima mzima. Mashine inachoma baridi.

Nikazungusha kitufe cha moto mpaka mwisho. Baridi. Nikapunguza mwendo wa waya. Baridi. Nikaukaripia. (Msiniulize.) Nikaamua basi umeme ndio mdogo, na umeme wa mtaa wetu mnaujua, asubuhi kila mtu ana lake. Nikaenda kwa jirani.

"Hodi! Mama Kadzo, samahani, unapiga pasi?"

"Napiga. Kwani kuna nini?"

"Naomba uzime kidogo, umeme haunifikii."

"Baba Fatuma, hizi ni nguo za kanisani kesho. Nizime mpaka saa ngapi?"

"Dakika tano tu."

Zikawa saa mbili nzima. Kesho Mama Kadzo atamwabudu Mungu na makunyanzi, na najua kwenye sala zake mimi nitatajwa.

Nikarudi, nikazima friji yetu, nikazima na feni. Bado baridi! Nikasema basi ni ekstensheni, ndefu na nyembamba, inakula umeme njiani. Dawa yake ni kuisogeza mashine mpaka kwenye soketi. Na soketi iko sebuleni.

"Unachomelea vyuma sebuleni kwangu?" mke wangu akauliza.

"Mara moja tu, mama."

"Na mapazia?"

Akayavua mwenyewe, akakunja na zulia, akatoka bila kusema neno. Kimya cha mke wangu ni kirefu kuliko ile ekstensheni.

Sebuleni nako, dawa ya meno ile ile. Nikaanza kufikiria kijicho. Wallahi, mtu mzima mimi, nimekaa chini naangalia mashine nikijiuliza nani kaipitia. Mara adhana ya adhuhuri hiyo. Wageni njiani, benchi halina miguu.

Hapo ndipo nilipofanya uamuzi wa mtu aliyechoka. Nilisema kama mshono mmoja haushiki, nitaweka minne juu yake. Nikarundika, nikarundika, kila kona ikawa na donge. Nikaona likiwa nene basi lina nguvu. Nikapaka rangi juu yake kuficha aibu, nikafunga mbao, nikalikalia. Likanibeba! (Kilo zangu mnazijua. Upepo wa kusi ukija natembea na mawe mfukoni.)

"Mwite na mtu mwingine mkalie pamoja," mke wangu akasema.

"Hakuna haja."

Nikalibeba begani mpaka kwa wakwe. Mama mkwe akatoka mlangoni na leso yake, akalitazama.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mashallah. Ahsante sana."

Mwanangu! Mashallah! Nilitembea na maneno hayo mpaka barazani kama mtu aliyepewa shamba.

Alasiri wageni wakafika, wazee watatu, kanzu zimenyooka. Wanawake ndani nyuma ya pazia, sisi wanaume nje. Upande wetu alizungumza Ami Rashidi, baba yake mdogo mke wangu. Mimi nagawa kahawa na halua, na nimehakikisha benchi langu limewekwa katikati. Wawili wakakaa. Likawabeba. Wa tatu, Mzee Athumani, msemaji wao, mwili umeshiba vizuri, akasita.

"Mwanangu, litatubeba hili?"

Hapo ningejibu inshallah, leo nisingekuwa na cha kuwasimulia. Nikajibu, "Mzee, kaa bila wasiwasi. Hilo hata mngekuja na ndovu!"

Akakaa. Likastahimili. Nikapumua. Salamu zikapita, hamdu ikapita, Mzee Athumani akashika kikombe chake, akakohoa kidogo.

"Sisi tumekuja kwa heshima na taadhima, kuomba..."

KWACHA!

Mguu wa kwanza ukaondoka. Wa pili ukaufuata bila kuulizwa. Wazee watatu wa Jomvu Kuu chini, miguu juu, kanzu kwenye halua. Mzee Athumani amekaa sakafuni, kikombe bado mkononi, anatazama mbele kama mtu anayesubiri maelezo. Nyuma ya pazia mtu akapiga ukelele. Nilidhani ni Saumu, posa yake inaondoka na miguu ya benchi langu. Nikatamani ardhi inimeze.

Alhamdulillahi hakuna aliyeumia. Tukawainua, tukawapangusa, tukawatandikia mkeka. Mama mkwe akatoka, akaokota mguu mmoja, akaugeuza kwa utaratibu. Akasema kwa sauti ya chini, ya upole, na upole ule ndio ulioniua.

"Mwanangu, mbona hapa rangi i nzima?"

Nikatazama. Donge langu lote lilikuwa limebanduka kama gome. Chini yake rangi nyekundu, safi, inang'aa. Hapo akili ikanirudia. Umeme lazima urudi kwenye mashine kupitia kile kibanio kinachouma chuma, na kibanio changu tangu asubuhi kilikuwa kimeuma rangi! Rangi haipitishi umeme. Mashine haina kosa, jirani hana kosa, mapazia hayana kosa.

Nilisimama na birika la kahawa, macho chini, na safari hii haikuwa adabu.

Mazungumzo yakaendelea mkekani. Ami Rashidi akataja mahari na mengine yote, na mimi nikijua wana haki ya kuondoka. Mzee Athumani akasikiliza mpaka mwisho, akajikanda kiuno.

"Yote mliyoyataja tumeyakubali. Na sisi tuna letu moja tu. Siku ya harusi, tutandikieni mikeka."

Baraza zima likaangua kicheko. Na nyuma ya pazia nikamsikia Bi Mwanakombo, ambaye tangu nimuoe binti yake sijawahi kumsikia akicheka, amekwama, anashindwa kuvuta pumzi, anaomba maji.

Saumu kaposwa. Mke wangu anarudisha mapazia. Nyinyi nawaomba msicheke. Mama mkwe keshacheka kwa niaba ya wote.