Kanuni ya Saba na Kigari cha Mama Soli

Jiji lilitangaza, kwa vipaza sauti na mabango ya rangi mbili, kwamba kuanzia siku ile hakuna mwananchi atakayesumbuliwa bila kupewa nafasi kamili ya kupinga usumbufu wake. Kwa ajili hiyo iliundwa Kamati ya Pamoja ya Kusikiliza Mapingamizi ya Amri za Kero na Notisi za Kuvutwa Magari, yenye wajumbe tisa, kila mmoja na kiti chake cha ofisi chenye magurudumu.

Mwenyekiti wa Kamati alikuwa mtu wa heshima aliyeamini kwamba haki huanzia kwenye mavazi. Kwa mkono wake mwenyewe aliandika Kanuni ya Saba: hakuna atakayeingia chumba cha mashauri bila viatu vya kufunika vidole, vyenye kamba, bila kujali cheo. Maneno "bila kujali cheo" yalimpendeza mno. Alimsomea mkewe mara mbili mezani. Mkewe akasema ni maneno mazuri, sasa ale, chakula kinapoa.

Shauri la kwanza lilikuwa la Mama Soli, fundi viatu. Miaka kumi na miwili alikuwa akishona viatu ndani ya kigari cha mizigo alichoachiwa na marehemu mumewe, kwenye kiwanja nyuma ya jengo la Jiji. Kigari hakikuwa na injini wala magurudumu ya mbele. Kilikuwa na cherehani, pazia, na rafu za viatu mpaka juu. Ndicho kilichosomesha wanawe, na ndicho kilichomlisha. Asubuhi moja alikikuta na karatasi mbili. Kwenye kioo cha mbele ilibandikwa notisi: hili ni gari lililotelekezwa, litavutwa. Kwenye mlango wa nyuma ilibandikwa amri ya kero: hili ni jengo lisilo na msingi, lifungwe.

Alifika kwenye Kamati na karatasi zake zote mbili, miguuni kandambili.

"Shikamoo, mama," alisema bawabu.

"Marahaba, mwanangu."

"Hutaingia."

Akaonyeshwa Kanuni ya Saba ukutani. Alikwenda kigarini kwake, akakawia dakika kumi, akarudi amevaa viatu vya kiume vya kahawia, vinampwaya kama mitumbwi. Bawabu aliinama akakagua kamba. Zilikuwepo. Akampisha.

Mwenyekiti aliviona viatu kabla hajamwona aliyevivaa. Vilikuwa vyake. Alivipeleka Jumatatu kubadilishwa soli. Alifikiri upesi, akaona kwamba kuvitambua kungekuwa mgongano wa maslahi, akafungua kikao.

"Mama, unapinga nini?"

"Napinga vyote, mheshimiwa. Kama ni gari, basi si jengo. Kama ni jengo, basi halivutwi. Wachague kimoja wanisumbue nacho."

Afisa wa Kero alisimama, akaeleza kwamba kile kitu kina rafu na cherehani, na gari halina cherehani. Afisa wa Uvutaji naye akasimama, akasema kina usukani, na katika miaka ishirini ya utumishi hajaona nyumba yenye usukani.

"Kwangu upo," alinong'ona mjumbe mmoja. "Anaushika mke wangu."

Maafisa wakatazamana kama majogoo. Mwenyekiti alijua kwamba uongozi bora ni kutomwacha afisa yeyote akaondoka mikono mitupu. Akaamua: kwa upande wa kufungwa, ni jengo, kwa upande wa kuvutwa, ni gari. Kipigwe lakiri milangoni, kisha kivutwe mpaka yadi ya Jiji. Na lakiri isivunjwe mpaka pingamizi la pili lisikilizwe, kesho saa tatu asubuhi, katika chumba hikihiki.

"Ndani mna viatu vya watu, mheshimiwa," alisema Mama Soli.

"Watu gani?"

"Wa humu ndani. Mvua hizi zimewabandua soli karibu wote. Hata wewe..."

"Mama," Mwenyekiti alimkatiza kwa upole, "Kamati haishughuliki na miguu ya mtu mmoja mmoja."

Karani akaliandika na hilo.

Mama Soli alirudi kigarini, akavivua vile viatu vya kahawia, akavipangusa, akavirudisha kwenye rafu na kikaratasi chake cha namba, maana mali ya mteja ni amana. Lakiri ikapigwa. Gari la kuvuta likaja, likanyanyua, likaondoka. Kiwanjani pakabaki mstatili wa udongo mkavu, na pembeni kisigino kimoja kisicho na mwenyewe.

Jioni ile Mwenyekiti alikuwa akishuka ngazi pale kiatu chake cheusi cha kulia, cha jozi yake ya pili na ya mwisho, kilipofungua kinywa. Kwa mazoea alikwenda nyuma ya jengo, soli ikimpigia makofi kila hatua. Aliutazama ule mstatili kwa muda. Halafu akaenda nyumbani, akipigiwa makofi njia nzima. Kununua viatu vipya hakukumjia akilini. Nani angemzuia Mwenyekiti kwenye mlango wake?

"Shikamoo, mzee," alisema bawabu asubuhi, akizitazama kandambili za bluu miguuni mwa Mwenyekiti.

"Marahaba. Fungua."

"Hutaingia."

"Unanijua mimi ni nani?"

"Nakujua, mzee. Sahihi yako hii hapa chini."

Mwenyekiti alisema kanuni inarekebishwa sasa hivi. Bawabu akamkumbusha kwamba kanuni hurekebishwa na Kamati, na Kamati hukaa chumbani. Wajumbe wengine wakafika mmojammoja: mwenye kandambili, mwenye makubazi, mwenye mabuti ya mvua yasiyo na kamba. Maafisa wawili walikuja peku, kila mmoja akimlaumu mwenzake. Wote walisimama kwenye korido, ambako hapakuwa na kiti chochote, cha magurudumu wala cha miguu.

Saa tatu kasoro dakika tano akaja Mama Soli. Alikuwa na viatu vyeusi vya kamba, vinang'aa.

"Kumbe unavyo?" aliuliza Mwenyekiti.

"Hivi ni vya harusi na misiba, mheshimiwa. Jana sikujua hili ni lipi."

Akaingia, akakaa, akaweka mkoba mapajani. Karani, ambaye viatu vyake havikuwahi kuharibika kwa kuwa hakutumwa popote, alifungua jalada, akasoma Kanuni ya Tisa, nayo ya mkono wa Mwenyekiti: upande usiofika chumbani ndani ya dakika thelathini umeshindwa.

"Nipo hapa," alisema Mwenyekiti kupitia upenyo wa mlango.

"Mapingamizi huletwa ndani, mzee," alisema bawabu.

"Hakuna Kamati ya kuamua!"

"Kanuni haihitaji Kamati," alisema karani. "Inahitaji saa."

Wakaitazama saa, wengine ndani, wengine nje. Saa tatu na nusu karani aligonga muhuri. Upande wa Jiji haukufika: pingamizi limekubaliwa, notisi na amri zimefutwa, kigari kirudishwe kwa gharama ya Jiji.

Adhuhuri kigari kilikuwa juu ya mstatili wake, na mbele yake foleni ya waheshimiwa vidole nje. Zamu ya Mwenyekiti ilipofika alipewa vya kahawia, akavivaa palepale, kisha akatoa vile vyeusi ndani ya mfuko. Mama Soli alivigeuza, akatia kidole kwenye ule mwanya.

"Cha kushoto ni kiatu," alisema. "Hiki cha kulia kina mlango na hakina msingi. Naona ni jengo."

"Kitakuwa tayari lini, mama?"

Akampa kikaratasi cha namba.

"Shauri lake litasikilizwa Alhamisi, mheshimiwa. Na usije na kandambili."