Nitrojeni Yangu Inalala kwa Kashaija

Nyakasimbi, Karagwe
14 Mei 1954

Kwako Bwana Shamba,

Shikamoo. Sisi wazima, isipokuwa migomba.

Ulipotufundisha pale kanisani ulisema hewani kuna kitu kiitwacho nitrojeni, nacho ni chakula cha mimea. Maharage hukivuta kikaingia ardhini, nyasi hukinyonya, ng'ombe hula nyasi, na samadi hukifikisha mgombani. Wenzangu walisinzia. Mimi nilielewa kwamba naibiwa.

1. Ng'ombe wa jirani yangu Kashaija hushinda akila nyasi za nyuma ya nyumba yangu. Jioni hurudi kwao tumbo limejaa, wala haniachii hata tone. Mikungu ya Kashaija hubebwa na watu wawili. Yangu mke wangu Adventina huibeba kwa mkono mmoja, na ule wa pili ameshika kiuno akinitazama.

2. Maharage ya Kashaija yako mpakani. Nani ameyakataza kuvuta hewa iliyo juu ya paa langu? Naomba hewa ipimwe, na ikiwezekana ipandwe miramura, ile miti ya mpaka, kama tufanyavyo ardhini.

3. Hili linaniuma hasa. Juzi tuliwapikia maharage wageni kutoka Kibingo. Waliposhiba wakaenda kujisaidia kwenye migomba ya Kashaija, eti ndiko kwenye kivuli. Maharage yangu yaliondoka kwa miguu nikiyaona. Naomba itungwe sheria: mgeni amalize haja zake zote pale alipokula.

Bwana, binti yetu Kemilembe amefikia umri wa kuolewa. Posa ikija nitawapa wageni ndizi gani? Adventina ameanza kuomba ndizi kwa mke wa Kashaija, nami naona aibu hata kupita njia ile.

Wasalimie wote hapo ofisini, na mama watoto, na fahali wa serikali.

Ni mimi ninayekonda pamoja na migomba yangu,
Cassian Rwezaura

N.B. Kabla sijafunga bahasha, Kashaija ameleta posa ya Kemilembe kwa mwanawe, na mahari ni ng'ombe yule yule. Tumekubali; Kemilembe mwenyewe anacheka tu. Kuanzia Jumamosi ng'ombe atalala kwangu, na kwa kuwa nyasi za huku zimekwisha, atakwenda kula za Kashaija. Nimefikiri upya. Tangu mababu samadi ni ya mwenye zizi, na hewa ni ya Mungu. Mtu akikuandikia kinyume cha hayo, hasa Kashaija, usimsikilize, maana anapenda mno mashtaka.