Kompyuta Tatu na Boti ya Uthman

Jumapili, 3 Februari 2019. Kismayu.

Nimeokoka. Kwa uongo, lakini nimeokoka.

Asubuhi binamu yangu Uthman alinitangazia, mbele ya baraza nzima, kwamba boti yake itakwenda kisiwani Chula kabla ya harusi na nafasi ya mbele ni yangu. Safiyya anaolewa Ijumaa hapa Kismayu. Bibi yake, dada yangu Mwanapili, yuko Chula na nyonga iliyovunjika, hawezi kuvuka. Watu wa nyumbani wameamua nivuke mimi nikakae naye, tuimbe huko, wimbo uje ukumbini kwa simu.

Wimbo ni ule wa kushua chombo. Baba alikuwa fundi wa vyombo. Chombo kikiisha, mmoja huita, wavutaji huitikia na kukivuta kwa pamoja hadi majini. Kwetu bibi harusi naye huimbiwa. Tangu baba afariki Mwanapili ndiye anayeita. Mimi ndiye mwitikiaji wa kwanza.

Kinywa changu kilijibu kabla yangu. Nilisema zama za kuvushana kwa boti zimepita. Tuweke kompyuta moja Chula kwa Mwanapili, moja Mombasa kwa jamaa yetu Kuluthumu na wanawake wake wa vugo, zile pembe zinazogongwa harusini, na moja kubwa hapa ukumbini, nami nitamwitikia dada yangu nikiwa hapa hapa. Baraza ilistaajabu. Uthman alisema najua kompyuta kama yeye anavyojua kurusha ndege. Ni kweli.

Hakuna aliyeuliza kwa nini mtoto wa fundi wa vyombo anakwepa safari fupi namna ile. Sijaingia chomboni tangu tulipokimbia vita mwaka 1992. Kilikuwa chombo cha baba, cha kuvulia samaki, na tulikipanda mtaa mzima. Niliporudi kutoka Kenya nilirudi kwa ndege. Niliwaambia watu ni kwa ajili ya presha.

Jumatatu, 4 Februari.

Arafa, mjukuu wa marehemu kaka yangu, ni fundi mitambo katika kituo kimoja cha redio. Nilimweleza kuwa kazi ni kuwasha kompyuta tatu tu. Akaniuliza kama nimefikiria ucheleweshaji. Nikasema ndilo jambo la kwanza nililofikiria. Neno lenyewe nilikuwa nalisikia kwa mara ya kwanza.

Tukajaribu. Mwanapili aliita. Mombasa wakamsikia baadaye kidogo, nasi baadaye zaidi. Nilipoitikia, sauti yangu ilimfikia Mwanapili akiwa kwenye ubeti mwingine. Akasita kunisubiri. Mombasa wakasita kumsubiri yeye. Nami nikawasubiri Mombasa. Wimbo ukapungua mwendo mpaka ukafa. Mwanapili akauliza kama tumefiwa.

Uthman, ambaye hakualikwa, alisema kutoka mlangoni kuwa lau baba angeshua hivyo, vyombo vyake vyote vingekuwa bado mchangani.

Jumatano, 6 Februari.

Arafa ameupata ufumbuzi. Hakuna kusubiriana. Chula wataimba bila kumsikia yeyote. Mombasa watawasikia Chula na kupiga vugo juu ya kile wanachosikia. Sauti zote mbili zitaletwa hapa zikiwa zimeshikana. Picha nayo itazuiliwa kidogo mpaka sauti yake iifikie, mdomo usitangulie neno.

Tulijaribu. Midomo ya dada yangu na sauti yake vilikwenda pamoja, na vugo chini yake sawasawa. Ilibidi nijifanye nafuta miwani.

Kisha nikauliza sauti yangu itakwenda wapi. Arafa akasema itaishia ukumbini. Na Chula? "Chula haipati kitu, babu. Hapa ndipo mwisho. Ukirudisha sauti kule umeharibu kila kitu."

Baadaye Mwanapili akapiga simu. Hakuuliza habari za kompyuta. Aliuliza jambo moja tu, kama atanisikia nikimwitikia, maana hajui kumwimbia ukuta. Nilimwambia atanisikia vizuri sana. Sijui kwa nini kinywa changu kina tabia hii.

Ijumaa, 8 Februari.

Mkono hautaki kuandika. Lakini nimezoea kuandika.

Mpango ulikuwa rahisi. Wimbo ulipokaribia nilimpigia Mwanapili kwa siri, nikamwambia aweke simu yake mapajani na aifungulie spika. Yangu ilikuwa mfukoni mwa kanzu, wazi. Kwa njia hiyo angenisikia, na Arafa asingejua.

Mwanapili akaita. Nikaitikia. Punde nikamwona kwenye skrini akishtuka, kisha akitabasamu. Nilijiona mwerevu kuliko redio nzima.

Halafu nikasikia sauti yangu ikitoka kwenye maspika ya ukumbi, imezunguka kupitia Chula na Mombasa, vugo zikilia mahali pasipo pake. Simu mfukoni ikaidaka tena ikaipeleka tena. Nikawa najiitikia mwenyewe. Arafa alikuwa akikimbia huku na huku kati ya nyaya, akitafuta kosa lililokuwa limeketi mbele yake limevaa kofia.

Katika vurugu ile Uthman akaniinamia. Safari hii hakuwa na kejeli. Aliniuliza kwa upole kwa nini sikuvuka, maana boti ilikwenda Chula nafasi yangu ikiwa tupu. Nikadhani tuko wawili. Nikamwambia taratibu, "Naogopa bahari, Uthman. Tangu siku ile. Afadhali nidanganye kwa kompyuta mia kuliko kutia mguu botini."

Simu ilikuwa mfukoni.

Maneno yakaenda Chula. Yakapita Mombasa. Yakarudi kwenye maspika kama hotuba ya Ijumaa. Naogopa bahari, Uthman. Upande wa bwana harusi ni wavuvi wa kisiwa cha Ngumi, safu nzima. Wakageuka. Yakaja tena, na sasa wanawake wa Kuluthumu, wakidhani ni ubeti mpya kutoka Chula, waliyapokea kwa sauti nzuri na vugo. "Naogopa bahari!" Safiyya alijifunika uso kwa shela. Sijui kama alikuwa akilia au akicheka, na sitauliza.

Arafa akaja akaitoa simu mfukoni mwangu mbele ya watu, kama mtoto anavyonyang'anywa wembe.

Kwenye skrini Mwanapili aliitazama simu yake iliyonyamaza. Kisha akauanza wimbo upya, peke yake, bila kumsikia mtu. Ukumbi mzima ukamwitikia, hata wale wa Ngumi. Mimi sikuweza kufungua kinywa.

Jumamosi, 9 Februari.

Mwanapili kapiga simu. Nilijitayarisha kwa matusi. Alisema habari ya bahari anaijua tangu siku ile ile, maana ndiye aliyekuwa ameshika shati langu njia nzima. Alisema hakutaka kompyuta. Alitaka mtu, mchu kwa lahaja yetu, wa kukaa naye. "Mchu wa Chula anaogopa bahari, basi. Njoo huku unaogopa."

Uthman anavuka Jumatatu. Amesema atakwenda polepole, nimshike mkono nikitaka, na hatamwambia mtu. Baada ya jana sijui nani amebaki wa kuambiwa.

Nilimwambia dada yangu inshallah. Akasema hiyo inshallah yangu anaijua.

Jumatatu, 11 Februari.

Nilikwenda. Iandikwe kwamba nilikwenda mpaka majini, viatu mkononi. Uthman alinyoosha mkono. Hakunikejeli, na hilo lilikuwa gumu zaidi. Nikamwambia kwamba Arafa ananihitaji kwa dharura.

Lakini sikwenda mikono mitupu. Jana nzima nililitafakari kosa la Ijumaa na sasa nimelielewa. Simu moja ilikuwa inasikia na kusema kwa wakati mmoja. Dawa ni simu mbili, moja ya kusikia na moja ya kusema, na ukumbi uwe mbali. Mwanapili atanisikia kana kwamba nimeketi kitandani pake. Simu yake mpya nimeinunua tayari, nimeifunga kwa plastiki.

Nikampa Uthman aivushe. Akaipokea, akaniuliza aiweke wapi.

Nikamwambia aiweke mbele, kwenye nafasi yangu.