Mguu wa Kumi na Mbili

Jumapili, 26 Machi

Mzee Bartley tumemzika juzi, Mungu amrehemu, na kiti chake ki wazi! Wale kumi na wawili wanaooshwa mguu Alhamisi Kuu sasa wamebaki kumi na mmoja. Kabla ya Bartley kiti hicho kilikuwa cha marehemu baba yangu. Mimi, mwanawe, nina mvi kichwa kizima na sijaoshwa hata ukucha.

Padri Colman akahubiri habari ya Farisayo na yule mtoza ushuru aliyesimama nyuma kabisa. Kisha akasema kiti kitakwenda kwa mtu mnyenyekevu. Nilitazama huku na huku. Sikuona mwingine ila mimi. Njiani nikamwambia mke wangu hivyo. Attracta akajibu kwamba unyenyekevu wangu hata ukitafutwa kwa tochi hauonekani.

Jumanne, 28 Machi

Beseni la kuoshea miguu limetoboka! Nimeambiwa na msakristia. Basi nitatoa zawadi, tena kwa siri. Imeandikwa mkono wa kushoto usijue ufanyavyo wa kulia. Hakuna palipoandikwa kwamba Padri asijue.

Nikaikumbuka ile sufuria kubwa ya shaba ambayo Attracta hupikia jemu. Jemu hupikwa Agosti. Hataikumbuka. Nimeitia ndani ya gunia la chakula cha kondoo, la aina ninayonunua mimi peke yangu hapa kijijini, pamoja na kikaratasi: "Kutoka kwa mtu asiyestahili." Nikaiacha mlangoni pa sakristia.

Tenda wema uende zako. Kutenda nilitenda. Kwenda zangu ndiko kulikonishinda. Nilijificha nyuma ya kiti cha kitubio kusubiri sifa mpaka miguu ikafa ganzi. Padri hakutokea. Kumbe Jumanne ni siku yake ya gofu.

Jumapili ya Matawi, 2 Aprili

Leo nililihama benchi letu la mbele, nikaenda kusimama nyuma kabisa kama mtoza ushuru. Kosa! Nyuma ndiko waliko wanaume wanaotoroka kwenda baa baada ya Komunyo, wamepiga goti moja juu ya kofia, jicho mlangoni. Nikajipiga kifua kwa sauti. Mmoja akaninong'oneza kwamba kama ni kikohozi nitoke nje. Padri naye akasema kwenye kipaza sauti kwamba anasikitika kumwona hata Fintan Tuohy, yaani mimi, miongoni mwa watoro.

Kisha tangazo! Ameletewa beseni zuri mno ndani ya gunia la chakula cha kondoo, na mtoaji ndiye atakayerithi kiti cha Bartley. Nikainamisha kichwa, tayari kwa kusitasita kidogo. Vichwa vyote vikageuka. Kwa Malachy Looby! Jirani yangu! Kumbe tangu Krismasi naye ananunua chakula hichohicho, mwigaji mkubwa.

Jumatatu, 3 Aprili

Looby anakana. Amekana dukani, amekana posta, uso mwekundu kama nyanya. Kila akikana, watu wanazidi kumsifu. Mama wa posta anasema mtu wa Mungu hujulikana hivyo. Nikadokeza kwamba labda kweli siye. Nikaambiwa wivu utaniua.

Attracta amemwokea keki! Looby huyu ambaye kondoo wake wanazijua mboga zangu kuliko mimi! Nimekula kipande kilichobaki kwa uchungu mwingi. Vipande viwili.

Jumatano, 5 Aprili

Bado nina tumaini. Looby anaweza kuugua. (Sijamwombea augue. Nimemwachia Mungu nafasi.)

Huoshwa mguu wa kulia tu. Nimeusugua, nimekata kucha, nimeupaka marashi ya Attracta. Hapa kwetu hakuna apelekaye mguu mchafu kuoshwa, ni aibu ya ukoo. Wa kushoto? Leo nikitia kondoo alama, kopo la rangi ya buluu lilimwagikia ndani ya buti. Nimeuacha hivyohivyo. Mguu wa kushoto usijue ufanyavyo wa kulia.

Alhamisi Kuu, 6 Aprili

Looby aliitwa. Akasimama mbele ya kanisa zima akasema, "Padri, nisamehe, beseni si langu. Siwezi kuoshwa kwa wema wa mwenzangu. Mwoshe Fintan. Baba yake alikaa hapa, na tangu tukiwa wadogo namwona anavyokitazama kiti hiki."

Nilimpenda Looby, kwa muda wa kutosha kunifikisha mbele.

Nikakaa. Padri keshapiga magoti. Kamba ya kiatu cha kulia nilikuwa nimeifunga fundo juu ya fundo, marashi yasipotee. Haikufunguka! Nikavuta, ikakaza. Padri akanong'ona, "Lete wowote, bwana, magoti yananiuma." Nikatoa wa kushoto.

Buluu mpaka kifundoni! Padri akaosha, akaosha, maji yakawa wino. Nilitamani ardhi inimeze. Ndipo akainua uso, machozi ya kicheko yakimtoka, akasema miaka yote ya upadri wake anaosha miguu iliyokwisha kuoshwa nyumbani, na leo ndiyo mara ya kwanza ameletewa kazi. Akaubusu! Midomo yake ilibaki buluu mpaka mwisho wa Misa.

Kanisa zima lilicheka isipokuwa mtu mmoja. Attracta alikuwa akilitazama beseni. Kile kibonyeo cha ubavuni alikitia mwenyewe, mwaka ule aliponirushia sufuria hiyo. Tulipofika nyumbani akasema, "Wewe mwanaume, sufuria yangu umeitoa sadaka, kisha ukaoshewa kwato humo. Mwaka huu jemu utaipikia kwenye buti."

Jumamosi, 8 Aprili

Mimi ndiye gumzo la parokia! Mama wa posta amenishika mkono, anasema hajapata kuona unyenyekevu wa kuuanika mguu mchafu mbele ya watu. Sikukana. Kukana ni mchezo wa Looby.

Attracta anataka sufuria mpya. Nitamwomba Padri atangaze mchango wa mtu mhitaji ambaye hapendi kutajwa.

Asubuhi nimemwona Looby pekupeku katika tope la zizi langu. Eti anamtoa mwanakondoo wangu aliyenasa. Ananidanganya mimi? Anauandaa mguu wa mwakani! Haniwezi. Nitaanza Novemba, miguu yote miwili, mmoja buluu, mmoja mwekundu. Nimepiga magoti nikamshukuru Mungu kwamba katika parokia hii hakuna mnyenyekevu anayenifikia. Kisha nimelificha kopo la rangi chini ya kitanda, Looby asilione.