Sungura, Lazanya na Miguu ya Loris

Jumapili, 3 Machi

Nimemkosea Loris. Mtoto wa dada yangu! Naandika hapa kwa sababu padre wetu ana mdomo.

Ilikuwa hivi. Leo alikuja msaka vipaji wa timu kubwa ya kaskazini, Bwana Terenzi, mwembamba kama tambi, kumtazama Loris. Loris ana miaka kumi na tisa, ndiye straika wetu. Mimi nina mgahawa pembeni ya uwanja. Akifunga, watu wanashangilia. Wakishangilia, wanashikwa na njaa. Sasa nimwachie aende? Nikawaza: mgeni asimwone. Basi. Mpaka msimu uishe.

Bwana Terenzi aliomba saladi. Saladi! Jumapili! Nikampa zeituni za kukaanga, lazanya ya tambi pana, nyama na jibini, lazanya tena, sungura wa kuoka, na mvinyo wa marehemu baba. Alipofika jukwaani, fofofo. Loris akatupia mawili, moja la tikitaka, uwanja ukalipuka. Mgeni anakoroma. Kuja kuamka, Loris anapiga penalti. Juu! Mpaka kwenye shamba la mizabibu. Bwana Terenzi akatikisa kichwa, akaenda zake.

Mpango umefaulu. Mbona sina raha?

Jumatatu, 4 Machi

Loris kaja jikoni. Mjomba, jamaa kasemaje? Nikasema hakusema kitu. Kweli tupu: aliyelala hasemi. Kumbe baba yake kampa mpaka Pasaka tu. Asipopata timu ya kulipwa, anaingia kiwanda cha viatu kukata soli. Nikampa paja la sungura. Hakuligusa. Sijawahi kuona mtu wa ukoo wetu akiacha sungura! Nimeumia.

Jumatano, 6 Machi

Mpango mpya, wa heri safari hii. Nimempigia Bwana Terenzi simu, nikabana pua, nikajifanya wakala wa Torino: timu tatu zinamgombea Loris! Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Wewe si yule wa sungura?"

Nikakata. Akapiga yeye! Akasema tumbo bado halijamsamehe, ila anaona aibu kulipwa mshahara kwa kulala, kwa hiyo Jumapili anarudi. Lakini atakula mkate wa kituo cha mafuta, huko huko barabarani. Mkate wa kituo cha mafuta! Nimetukanwa sana maishani, ila hilo limeingia. Nikamshukuru, kwa ajili ya mtoto.

Ijumaa, 8 Machi

Gualtiero, mwenye baa ng'ambo ya barabara, ananijua vizuri mno. Leo kapaza sauti mbele ya wateja: "Nazzareno! Jumapili unamlaza nani?" Wakacheka. Dada yangu Ersilia, mama yake Loris, alikuwa anapita. Akauliza ana maana gani yule. Nikasema mlevi. Ersilia akanitazama kama siku ile utotoni nilipokula yai lake la Pasaka.

"Kaka, ukimsogelea yule mgeni na hata zeituni moja, nitakukaanga wewe."

Nimeapa. Mgeni simgusi.

Jumapili, 10 Machi

Nimetimiza kiapo! Mgeni sikumpa hata maji. Gualtiero ndiye kamnywesha kahawa mbili, macho yakamtoka kama bundi.

Ila Loris hakuna aliyenikataza. Na mtoto anahitaji nguvu! Mchana nikamwita kwa mlango wa nyuma, nikamwekea lazanya. Nikaongeza. Akalalamika: mjomba, mechi inaanza sasa hivi. Nikamwambia ale tu, atakimbia kama farasi.

Hakukimbia. Kipindi cha kwanza alitembea kama ng'ombe aliyeshiba. Kocha akafoka, "We Loris, umemeza mpira?" Ersilia akageuka kunitafuta. Nikajificha nyuma ya mpiga ngoma.

Kipindi cha pili akasimama tu mbele ya goli, mkono tumboni. Basi, kiwanda kile, nikawaza, na mimi ndiye niliyempeleka. Mara kona. Mabeki wote wakaruka. Yeye wapi! Hata kuinua kisigino hawezi. Mpira ukawapita wote, ukamwangukia mguuni. Akausukuma. Goli! Moja bila, filimbi!

Bwana Terenzi kasimama. "Huyu hakimbiikimbii hovyo. Anasubiri. Kitu hicho hakifundishwi." Alhamisi Loris anakwenda kaskazini kwa majaribio! Ersilia kalia. Loris kanikumbatia, taratibu, anaogopa tumbo. Gualtiero anautangazia mji kwamba ni kahawa yake.

Jumatano, 13 Machi

Loris bado hajui kwa nini mgeni alilala siku ile. Ananiita mjomba wa bahati. Jina hilo linanichoma.

Nitamwambia. Kesho Alhamisi mimi ndiye ninayeendesha gari. Kabla hatujafika Bologna atakuwa ameujua ukweli wote, na tukifika nitamwomba radhi Bwana Terenzi mbele yake. Naapa kwa kaburi la mama.

Ila maneno mazito hayasemeki kwa tumbo tupu. Trei mbili za lazanya zimeshaingia kwenye gari. Moja ya kwetu njiani. Nyingine ya makocha.