Papasi Chini ya Kitanda cha Mama

Jumatatu, 6 Oktoba 2025
Kabati la joto la maabara limekwenda! Profesa Nijimbere kampa Shabnam. Shabnam, aliyeanza uzamivu juzi tu, mimi nikiwa tayari mkongwe! Profesa anasema papasi wa Shabnam wanazaana, wangu wanakufa. Akirudi kutoka Dar asipoona papasi hai kwangu, nafasi yangu imekwisha. Shabnam kasema anaweza kunipisha rafu moja. Nimekataa. Nazijua huruma za washindani.

Jumatano, 8 Oktoba
Kutwa nzima Kigwa. Kila nyumba saruji sakafuni. Papasi huishi kwenye udongo, hutoka kuuma watu waliolala na kuwaachia homa, na homa hiyo ndiyo tasnifu yangu. Maendeleo yananimaliza. Mwishowe kibanda kimoja cha udongo! Nimechota ndoo, papasi na udongo wao.
Mpango: chumba cha mama, Itetemia. Sakafu ya udongo, joto zuri. Ndoo iko chini ya kitanda chake, imefunikwa kwa kitambaa. Mama kauliza ni nini. Nimesema mbegu za tumbaku. Kawatangazia majirani kwamba daktari wake analima kisayansi.

Jumanne, 14 Oktoba
Balaa. Ndoo wazi! Mama aliona mbegu zinakosa hewa, akaondoa kitambaa siku ileile, na kila asubuhi anazinyunyizia maji. Nimechokoa udongo wote. Hakuna papasi hata mmoja. Nilitaka kusema kweli. Nikasema mbegu zimeoza. Akaniomba radhi, yeye! Nikaondoka haraka.

Ijumaa, 17 Oktoba
Mama anaungua homa. Zahanati wamepima malaria, hakuna. Nilijua ni nini. Nikamwita Shabnam, kwa aibu. Kaja na hadubini, katoa tone la damu, kanisogezea nitazame. Vimelea vimejipinda kama nyuzi, vingi mno. Miaka yote hii sijapata picha safi namna ile! Nikaanza kutafuta simu nipige picha.
"Amon," Shabnam akauliza, "hao papasi wametoka wapi?"
Nikatazama dirisha. Shabnam akaita bajaji, tukampeleka mama hospitali.

Jumatatu, 20 Oktoba
Sindano zinafanya kazi, lakini daktari anasema moyo wa mama umechoka. Amekonda. Mchana kafumbua macho, kanishika mkono.
"Daktari wangu, zile mbegu nilizokuharibia, Profesa hatakufukuza?"
Nimesema hapana, Mama. Nikatoka nje, nikalia nyuma ya tangi la maji. Wauguzi walidhani nimefiwa.

Jumatatu, 27 Oktoba
Mama yuko kwa dada. Anatembea akishika ukuta. Chumba chake kimepigwa dawa, na dada hataki kuniona mlangoni. Shabnam hakusema neno kwa Profesa. Nilisema mwenyewe, nikidhani nitasifiwa kwa ukweli. Kanifukuza kwenye papasi. Kasema nikitaka kubaki nilete utafiti mwingine, wenye wadudu hai, kabla ya Desemba.
Nimeyatafakari makosa yangu kwa dhati, nimetubu. Kosa ni moja tu: papasi hutambaa. Mbung'o je, wale wanaoeneza malale? Mbung'o huruka, chandarua kinawatosha!
Mama mdogo Demetria, kule Ulyankulu, ana chumba kitupu. Nimempigia simu, nikamwambia namletea nyuki. Kashukuru sana. Anapenda asali.