Kiangazi Ambacho Kuzama Kulipigwa Marufuku

Idara ya Elimu ya Wilaya ilitangaza, kwa furaha kubwa na mihuri miwili, kwamba kiangazi kile hakuna mtoto wa shule ya msingi atakayezama maji katika mji wa Ulad Ghiyat, kwa kuwa kuzama kulikuwa kumepigwa marufuku. Marufuku ingeanza kutumika siku ya kufunga shule, baada ya hotuba, ili wadau wapate muda wa kujiandaa.

Lalla Rkia, mwalimu mkuu wa shule iliyo karibu na mfereji, aliusoma waraka huo akiwa amesimama, kama ilivyostahili, kisha akaketi kwa sababu ya joto. Alikuwa mama mnene, mpole, mwenye miwani ya kuning'inia kifuani, na katika maisha yake yote ya kazi hakuwahi kubishana na waraka. Nyaraka zilikuja, yeye akazibandika ukutani, jua likazichoma zikawa za manjano, zikaja nyingine.

Ila huu ulimkaa kooni.

Ulad Ghiyat uko katikati ya uwanda wa Tadla, mahali ambapo ikifika Julai lami hulainika na paka hutembea kwa kuruka kutoka kivuli hadi kivuli. Bahari iko mbali. Bwawa la kuogelea la manispaa lipo, isipokuwa kwa sasa ni kibao kinachosema kwamba litajengwa hapa. Kinachobaki kwa mtoto anayeungua ni mfereji wa kumwagilia mashamba, mpana, wa zege, wenye kingo za mteremko zilizoota utelezi wa kijani. Kuingia ni rahisi. Kazi iko kwenye kutoka. Kiangazi kilichotangulia mfereji huo ulimchukua Lahsen wa darasa la nne, na mwaka mzima wenzake hawakukubali mtu yeyote akalie nafasi yake kwenye dawati.

Ndiyo maana wakati wa masika Lalla Rkia alikuwa ameomba ruhusa. Haji Bouabid, mkulima wa mizeituni, alikuwa tayari kuazima birika lake kubwa la kumwagilia, lenye maji ya kufika kifuani mwa mtu mzima, lenye ngazi na kivuli, ili watoto wafundishwe kuelea. Jibu lilitoka kwa Mkurugenzi wa Wilaya mwenyewe, Si Abdelmoula Zerhuni (huko “Si” ni Bwana, kama “Lalla” ilivyo Bibi). "Kumfundisha mtoto kuogelea," aliandika, "ni kumvujishia siri kwamba maji yapo."

Badala yake iliundwa Kamati ya Ukavu. Kamati ilifanya kazi kwa bidii. Ilichapisha bango lenye mtoto anayetabasamu jangwani. Ilitunga wimbo. Mwisho ikagundua mbinu ya kisayansi ya kuwatambua wakosaji: kwa kuwa mtu hawezi kujua kuogelea bila kuingia majini, basi kila mtoto anayejua kuogelea ameshakiri kosa. Walimu wakaagizwa kumuuliza kila mwanafunzi. Atakayesema anajua, au atakayekutwa amelowa, mzazi wake ataitwa shuleni kutia saini ahadi ya ukavu, na mtoto hatapanda jukwaani siku ya zawadi.

Watoto si wajinga. Habari zilienea kabla kengele ya mapumziko haijaacha kulia. Wavulana ambao nywele zao bado zilikuwa na maji walisimama mbele ya Lalla Rkia wakaapa hawajawahi kuona hata beseni. Shule nzima ikawa kavu kwa asubuhi moja, na Kamati ikapeleka taarifa ya mafanikio wilayani.

Akabaki Itto.

Itto Waziz alikuwa wa darasa la sita, mwembamba, mwenye mwanya, na alikuwa wa kwanza katika shule nzima. Familia yake ilishuka kutoka milimani, kwenye mito, na mjomba wake alimfundisha kuogelea kabla hajajua kusoma.

"Unajua kuogelea?" Lalla Rkia alimuuliza, kalamu mkononi.

"Ndiyo, mwalimu."

"Hebu fikiri vizuri, binti yangu."

Itto akafikiri. "Ndiyo. Na kupiga mbizi."

"Sikukuuliza habari ya mbizi!" Lalla Rkia akavua miwani. "Mwanangu, wenzako wote wamesema hawajui."

"Wanajua, mwalimu. Nusu yao nimewafundisha mwenyewe."

"Hilo sijalisikia," alisema Lalla Rkia haraka. "Dirisha lilikuwa wazi, upepo umelipeleka."

Hakukuwa na upepo. Hakukuwa na upepo tangu mwezi wa tano.

Mama yake Itto, Tuda, alikuja kesho yake akiwa na unga kwenye mikono hadi viwiko, maana aliacha mkate wa watu kwenye moto. Alitia saini ahadi ya ukavu bila kuisoma, akaisukuma karatasi upande wa pili wa meza.

"Lalla Rkia, nieleweshe, mimi sikusoma sana. Waliodanganya ndio watakaopanda jukwaani?"

"Hawakudanganya, dada. Wamejibu kwa mujibu wa waraka."

"Na wangu aliyesema kweli?"

"Huyo amejibu nje ya waraka."

Tuda aliinuka. "Mwalimu, yule Lahsen," akasema polepole, "yeye alikuwa mkavu kabisa. Hakujua hata kuelea. Kamati ingempa zawadi." Akajifuta mikono kwenye aproni, akaondoka.

Lalla Rkia alibaki akitazama unga ulioanguka mezani. Siku hiyo hakunywa chai yake.

Hata hivyo alimaliza jarida la mwisho wa mwaka, kwa sababu jarida lilikuwa lazima litoke. Liliwapongeza waliofaulu. Liliwashukuru wazazi waliopaka rangi vyoo, likamuaga mpishi anayestaafu, likawaomba wenye makubadhi yaliyosahaulika waje kuyachukua kabla hayajapata wenyewe wapya. Kisha mashauri ya kiangazi: watoto wasicheze juani mchana, wavae kofia, wanywe maji mara kwa mara, wasiguse chupa ya gesi, wasipande watatu kwenye pikipiki. Chini kabisa Idara iliongeza mstari wake kwa herufi nene: familia zinaombwa kutoutazama mfereji pasipo sababu za kikazi.

Siku ya kufunga shule Si Abdelmoula alikuja na wazo. Sherehe isifanyike uani. Ifanyike ukingoni mwa mfereji, watu wote wakiwa wameupa mgongo, ili picha gazetini ionyeshe jamii nzima ikiyakataa maji kwa kauli moja.

"Mheshimiwa, pale pana utelezi," Lalla Rkia alisema.

"Lalla Rkia, utelezi ni suala la mtazamo."

Basi madawati yakapangwa yakawa jukwaa, zulia jekundu la msikitini likaazimwa, kamba ya bendera ikafungwa kati ya nguzo mbili. Wazazi walijipepea kwa majarida. Itto aliketishwa nyuma kabisa, peke yake, kwenye kiti cha wakosaji. Mkurugenzi alipanda jukwaani na suti ya rangi ya krimu, akahutubia juu ya utamaduni wa ukavu, juu ya ukavu endelevu, juu ya ukavu shirikishi. Wajumbe wa Kamati walipiga makofi mahali palipoandikwa makofi.

Mpiga picha akainua kamera. "Rudi nyuma kidogo, mheshimiwa, bendera inakatwa na picha."

Mkurugenzi akarudi.

"Kidogo tena. Kidogo... hapo! Hapana, moja tena."

Si Abdelmoula akatoka kwenye picha.

Ulisikika mshindo wa maji, na kwa kuwa watu wote walikuwa wameupa mfereji mgongo kama walivyoelekezwa, hakuna aliyeuona. Waligeuka taratibu. Suti ya krimu ilikuwa tayari inakwenda na mkondo, mikono ikipapasa zege la kijani na kuteleza, kinywa kikifunguka na kufumba.

"Msaidieni!" mama mmoja alipiga kelele. "Jamani, mtu anakufa!"

Watoto mia moja na zaidi wakatazamana. Kila mmoja alikuwa ameapa hajui kuogelea. Wajumbe wa Kamati wakakusanyika pembeni, na makamu mwenyekiti, Si Larbi, akauliza nani ana idhini ya kulowa.

Lalla Rkia akautazama mfereji. Alimwona Lahsen. Hakumwona Mkurugenzi hata kidogo. Alimwona Lahsen, na nafasi tupu kwenye dawati.

"Anayejua kuogelea asimame!" akapaza sauti.

Mvulana mmoja alitazama viatu vyake.

"Waraka nimeufuta! Nimeufuta mimi!"

"Mwalimu, huna mamlaka hayo," Si Larbi akamwambia.

"Basi kaniandikie mashtaka, lakini uandike ukikimbia!"

Wakati wanabishana, kiti cha wakosaji kilikuwa tupu. Itto hakuruka majini ovyo, kama wanavyofanya wasiojua. Alikuwa ameshafungua kamba ya bendera, amejifunga kiunoni, ncha amewatupia wavulana wa darasa lake. "Shikeni, na mkiniachia nitawatokea usingizini!" Kisha akakimbia ukingoni kuutangulia mkondo, akateremka kwenye ngazi ya chuma ya mfungua maji, akamsubiri Mkurugenzi amfikie.

"Mzee, lala chali!" alimwita. "Acha kupiga piga maji!"

"Mimi... si mzee!" Si Abdelmoula alitapika maji. "Mimi ni Mkurugenzi wa..."

"Sawa, Mkurugenzi, lala chali! Tazama juu! Tumbo juu!"

Mkurugenzi akalala chali. Ulikuwa waraka wa kwanza aliowahi kuutekeleza yeye mwenyewe. Itto akamshika kola, akawapigia wenzake kelele wavute, na watoto wote wakavuta, na Tuda naye, na mpiga picha ambaye kwa aibu alivuta kuliko wote. Wakamlaza juu ya zulia jekundu kama samaki wa sherehe. Alikuwa hai. Akakohoa. Akauliza kama mtu wa gazeti ameshaondoka.

Si Larbi alikuwa wa kwanza kurejewa na akili. Akachuchumaa karibu na mkubwa wake. "Mheshimiwa, usihofu. Taarifa itasema ulifanya ukaguzi wa kina."

"Wa kina," Mkurugenzi akaafiki kwa sauti dhaifu.

Hapo Lalla Rkia akavaa miwani. Alijihisi mwepesi, kama mtu aliyevua koti ambalo hakujua amelivaa.

"Si Larbi, ngoja. Waraka unasema atakayekutwa amelowa, mzazi wake aitwe."

"Lakini wewe umeufuta sasa hivi!"

"Na wewe ukasema sina mamlaka. Basi waraka bado uko hai." Akamgeukia Mkurugenzi kwa heshima kubwa. "Mheshimiwa, mzazi wako yuko wapi?"

Watu walidhani anatania. Hakuwa akitania. Si Abdelmoula, akiwa amefunikwa shuka, alinong'ona kwamba mama yake anakaa mtaa wa pili, na kwamba si lazima kumsumbua. Tayari kijana mmoja alikuwa amepanda pikipiki, peke yake, kofia kichwani.

Haja Mbarka alifika akitembelea fimbo, mdogo kama konzi, amevaa jalaba la zambarau. Alimtazama mwanawe kuanzia nywele hadi soksi.

"Abdelmoula."

"Mama, mbele za watu..."

"Umefanya nini?"

"Ukaguzi."

"Wa nini, wa samaki?" Umati ukalipuka. Bibi hakucheka. Aliomba wino akabonyeza dole gumba kwenye ahadi ya ukavu, akauliza ni mtoto wa nani aliyemtoa. Itto akasogezwa mbele, maji yakimchuruzika. Haja Mbarka alimshika uso kwa mikono miwili. Kisha akavua bangili yake ya fedha akamvika.

"Huyu mbona hajapanda jukwaani?" akauliza.

Kamati ilikuwa inatazama mfereji, bila sababu za kikazi.

"Nauliza, Abdelmoula. Mbona hajapanda?"

Itto alipanda. Alipewa zawadi ya kwanza, kamusi nene iliyolowa mara alipoishika, na makofi yale hayakuwa yameandikwa mahali popote.

Wiki iliyofuata Idara ilitangaza, kwa furaha kubwa na mihuri mitatu, mpango wa kihistoria wa kuwafundisha watoto kuelea katika birika la Haji Bouabid, mpango ambao Mkurugenzi aliubuni mwenyewe kufuatia utafiti wa majini. Lalla Rkia alisoma, akacheka mpaka akashika mbavu, akabandika ukutani. Wenye sifa waende na sifa zao. Yeye alitaka birika tu.

Watoto wakaja kwa makundi, na taulo, na mama zao wakaketi chini ya mizeituni wakikata matikiti. Itto na wenzake wa darasa la sita walisaidia kufundisha. Na Haja Mbarka, aliyekuwa amesomewa tangazo lote na mjukuu, alimleta mwanawe siku ya kwanza kabisa, akakataa kuondoka mpaka aandikishwe. Hajui kuelea, alieleza. Aanze na wasiojua.

Kwa hiyo Si Abdelmoula Zerhuni, Mkurugenzi wa Wilaya, alipangwa na darasa la kwanza. Alishuka ngazi amevaa kaptura mpya yenye mkunjo wa pasi, akasimama pembeni ya birika ameshikilia ukuta kwa kucha, maji yakimfika kifuani, uso umemsawijika. Juu ya ngazi ya mwisho, karibu na bega lake, alikuwepo binti wa miaka sita aliyefungwa madebe matupu ya mafuta mgongoni ili aelee. Alimwangalia kwa huruma kubwa, akamnyooshea mkono.

"Nishike, mjomba," akasema. "Ukitaka kulia, lia tu. Hapa haturipoti."